Uzoefu wangu wa kufuatilia ukuaji wa mpunga kwa picha za setilaiti za Sentinel

Kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nikifuatilia majaruba ya mpunga kwa picha za Sentinel, ambazo mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya huzitoa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Nilianza na Sentinel-2, ambayo kwa rangi ninazotumia kila pikseli (nukta moja ya picha) hufunika mita 10 kwa 10. Kielezo cha uoto cha NDVI, kinachokokotolewa kutokana na mwanga mwekundu na infraredi, hupanda mpunga unapochipua, hufika kileleni karibu na wakati wa kutoa masuke, kisha hushuka majani yanapogeuka manjano. Kasoro ni mawingu: mpunga wa mvua hukua wakati uleule ambao anga limefunga, na kipindi chote cha kupandikiza kinaweza kupita bila picha moja safi.

Sentinel-1 ndiyo iliyonifanya niendelee. Hii ni rada, hivyo mawimbi yake hupenya mawingu, na usiku hauizuii. Jaruba lenye maji yaliyotulia huyatupa mawimbi hayo pembeni badala ya kuyarudisha juu, kwa hiyo huonekana jeusi. Mashina yanapoongezeka na kurefuka, jaruba hung'aa picha baada ya picha. Ukishaijua tarehe ya weusi ule, yaani ya jaruba kujaa maji, pamoja na aina ya mbegu, unaweza kukadiria hatua zinazofuata, kwa sababu mbegu za muda mfupi na za muda mrefu hutofautiana hasa katika kipindi cha kukuza majani na machipukizi, kabla ya suke kuanza kuumbika, ilhali katika nchi za joto mpunga huchukua takriban siku 35 tangu suke changa lianze kuumbika hadi kuchanua, na takriban 30 nyingine hadi kukomaa. (Upepo ukiyavuruga maji, weusi hupungua, usiamini picha moja pekee.)

Kwa majaruba madogo siridhiki sana, kwani pikseli za kingo huchanganya mpunga na matuta, na magugu nayo ni kijani kama mpunga. Tena, mwanzo wa kuumbika kwa suke, ambao ndio wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia ya mara ya mwisho, sijauona wazi katika picha yoyote. Grafu ninayochora kutokana na picha hizi hunionyesha tu wiki ya kwenda shambani. Nikifika huko, hupasua shina kuu kwa wembe na kulitafuta suke lenyewe.