Krimu ya ganzi na haidrokotizoni: imenirudishia usingizi

Mwishoni mwa Mei nilikuwa nang'oa magugu kwenye uzio wa nyuma, hapa Columbus, Ohio, nipate pa kupanda mchicha. Nimekulia Muheza, upupu naujua: ukikugusa tu, unajikuna hapo hapo. Huu mmea sivyo. Nilivuta mitambaazi ya majani matatu matatu kwa mikono mitupu, nikanawa maji, nikalala vizuri. Siku ya pili jioni mkono wa kulia ukatoka mistari ya vipele vyekundu hadi kiwikoni, na kulipokucha yalikuwa malengelenge. Ndio ule Wamarekani wanauita poison ivy.

Siku tatu sikupata lepe la usingizi. Losheni ya kalamaini ilinipoza dakika kumi, basi. Daktari akaniandikia krimu yenye dawa mbili ndani: haidrokotizoni asilimia 2.5 ya kushusha uvimbe, na pramoksini asilimia 1 ya kutia ganzi. Tyubu ya gramu 28.

Jamani, ile pramoksini! Nilipaka kidogo, dakika chache tu mwasho ukanyamaza. Si ganzi ya kung'olea jino. Ukijigusa unakisikia kidole, ila hamu ya kujikuna haipo. Baada ya saa nne hivi mwasho ulikuwa unarudi, kwa hiyo ile ya usiku niliipaka nikiwa tayari kitandani. Nilipaka mara tatu kwa siku kwa wiki moja, kama nilivyoelekezwa, nikaacha.

Mama aliposikia kwenye simu akashtuka: "Mwanangu, hizo za steroidi si ndizo wanazojichubulia?" Hofu yake ni ya haki, maana mkorogo umeharibu nyuso za watu tunaowajua. Nikamweleza kwamba haidrokotizoni ni katika steroidi dhaifu kabisa za kupaka, haikaribii klobetasoli, ile steroidi kali sana. Hata hivyo usoni sikuigusisha, wala pale malengelenge yalipopasuka.

Usitegemee ikaushe vipele upesi. Vyangu vilikaa wiki mbili na ushei. Krimu ilinisaidia kuvivumilia. Kilichoniuma ni bei: bima haikulipa hata senti, nikatoa dola 64. Mfamasia, Mungu ambariki, akaniambia kwamba hapa Marekani haidrokotizoni asilimia 1 na losheni ya pramoksini asilimia 1 huuzwa kila moja peke yake bila cheti cha daktari. Kwa vipele vichache ningeanza na hizo. Vikikupata machoni au usoni, nenda hospitali, usibahatishe na krimu yoyote.

Koleo na glavu nimezisugua kwa sabuni, kwa sababu mafuta ya ule mmea hubaki kwenye mpini muda mrefu. Tyubu imebaki nusu, iko juu ya kabati. Binti wa dada yangu ameshaniomba mara mbili apake chunusi. Simpi.