TAHADHARI: Muuza shakeli, mikanda na matairi "ya mawe" mitandaoni. Vitu vyake vitaua mtu

Wakuu, habari zenu. Naandika haya kwa wanaoandaa magari kwenda kwenye mawe kiangazi hiki, na naomba msiyapitie juu juu. Kuna mtu anauza matairi na vifaa vya kuvutia gari lililokwama. Anauzia Instagram na WhatsApp, mikoani anatuma kwa basi. Nimenunua kwake. Hela iliyopotea ni shilingi 2,650,000, ila si hela iliyonitoa usingizini. Mdogo wangu amenusurika kwa upana wa kiganja.

Gari langu ni mkonga, Land Cruiser ya injini ya 1HZ, na nimekuwa nikiliandaa kidogo kidogo kwa miaka mitatu: springi, shokapu, bamba la chuma la kulinda chini ya injini, loki ya difu ya nyuma (inayofanya matairi yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja). Kilichobaki ni matairi na seti ya kuvutia. Huyu jamaa alikuwa anatangaza kitu anachokiita "pakeji ya mawe": matairi matano ya 235/85R16, mkanda wa mita 9 na shakeli mbili (vile vyuma vya umbo la U vyenye pini, vya kuunganisha mkanda na gari). Picha safi, video za magari yakipanda majabali (baadaye nikaja kuziona kwenye kurasa za watu wa Australia, yeye kakata jina lao tu). Nilipomuuliza mbona bei iko chini hivyo, akanitumia sauti: "Bosi wangu, huu mzigo umetoka Dubai, mteja aliyeuagiza kasafiri. Hii ni orijino, ukikuta feki nirudishie." Nikalipa nusu, mzigo ukaja, nikamalizia nusu. Hapo ndipo anapowapata watu. Tumezoea kumwogopa yule anayekula hela na kuzima simu, huyu mzigo wake unafika kweli, tena umefungwa vizuri ndani ya boksi.

Tukatoka Arusha magari mawili, Mto wa Mbu, Engaruka, hadi Engare Sero kule Ziwa Natron. Siku ya pili tukaingia kwenye makorongo. Waliofika wanajua yale mawe meusi ya volkano, yana makali kama yamepasuliwa jana. Nikapunguza upepo wa matairi kutoka psi 35 hadi 18 ili tairi likumbatie jiwe badala ya kuruka juu yake. Hatujamaliza hata kilomita moja, tairi la nyuma kushoto likapasuka ubavuni. Halikuchanwa na jiwe, limepasuka lenyewe pale linapojikunja. Nikabadilisha. Saa tatu baadaye, la mbele kulia likafanya vilevile.

Jioni nikalilaza lile la kwanza chini na kulisugua kwa sabuni. Ule weusi unaong'aa ulikuwa rangi ya kupaka. Chini yake, katikati ya kashata (yale matofali ya mpira yanayokanyaga ardhi), mpira umejaa mipasuko kama kisigino kilichokosa mafuta. Kashata zenyewe ndefu, nzuri, ndiyo maana sikushtuka. Nikaligeuza. Upande wa ndani, mwisho wa ile mistari inayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 1109. Maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2009. Tarehe kamili kwa kawaida huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na huyu bwana alisisitiza nimwambie fundi maandishi meupe yakae nje, "ndiyo fasheni". Kumbe tarehe inajificha ndani! Matairi mengine mawili sehemu hiyo imepigwa msasa mpaka ikawa laini. Tairi la umri huo ukilijaza upepo na kutembea nalo lami linaweza kukuvumilia siku mbili tatu. Ukilipunguza upepo ubavu unaanza kujikunja kila mzunguko, na mpira uliokauka haujui kujikunja.

Ningekuwa na akili timamu jioni ile ningevitupa na vile vifaa vingine vyote. Sikufanya hivyo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kesho yake gari la mwenzangu likakalia jiwe, chasisi juu, matairi mawili hewani. Nikageuza langu, tukafunga mkanda kwenye ndoano yangu ya nyuma, upande wake tukafunga kwa shakeli. Mkanda wa kuvutia kwa kushtua unatakiwa uwe wa nailoni na uvutike. Wa mita 9 ukivutwa vizuri unafika karibu mita 11, unajivuta kama mpira halafu unalinyanyua gari taratibu. Huu haukuvutika hata kidogo. Mvuto wa kwanza ulinirusha kwenye usukani kama nimegonga ukuta. Nikashuka nikauangalia, nikapanda tena. Mvuto wa tatu nikasikia mlio kama wa bunduki. Shakeli ilikatika. Kipande kilichobaki kwenye mkanda kikarudi kwangu, kikapasua kioo cha nyuma, kikapita katikati ya viti na kuingia kwenye dashibodi juu ya redio. Mdogo wangu alikuwa amekaa kiti cha abiria. Alikuwa ameinama kuokota simu iliyoanguka kwenye mvuto wa pili, kichwa kikiegemea upande wa mlango. Angekaa wima ningekuwa naandika tanzia.

Tulikaa kimya muda mrefu. Halafu nikakichomoa kile kipande. Pale kilipokatikia chuma kilikuwa na punjepunje kama sukari guru iliyovunjwa, na vitundu vidogo ndani yake. Hicho ni chuma cha kumimina kwenye kalibu. Shakeli ya kweli ni ya chuma kilichofuliwa, na ikizidiwa inajipinda kwanza, unaiona inaharibika kabla haijakuua. Hii haikujipinda hata milimita.

Fundi wangu, mzee aliyefanya magari ya watalii maisha yake yote, aliichukua ile ya pili akaipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Shakeli ya tani 4.75 mwili wake una unene wa milimita 19 na pini yake ni 22. Hii ilikuwa 17 kwa 19. Yale maandishi "4¾T" hayakuchomoza kwenye chuma, ni rangi. Akayafuta kwa kidole gumba chenye petroli. Pini ukiikaza hadi mwisho bado inacheza. Vyote hivyo ningeviona mwenyewe sebuleni kwangu kwa dakika tano, na ndiyo maana nawaandikia. Kabla hujalipa, omba picha ya tarakimu nne za tarehe ya kila tairi, siyo moja kwa niaba ya matano. Omba picha ya shakeli imelala kwenye kalipa. Mkanda ukifika, ufunge kwenye mti, vuta polepole, pima umevutika kiasi gani. Muuzaji mkweli hatakasirika. Huyu nilipomwomba picha ya tarehe aliniambia "bosi unanikosea heshima," nami kwa aibu nikanyamaza.

Dalili zake nyingine: hela inaingia kwenye namba ya simu yenye jina la mwanamke, kila mara jina tofauti, kamwe siyo lipa namba ya biashara. Risiti ya EFD hana. Anasema stoo iko Gerezani, Kariakoo. Rafiki yangu wa Dar alienda na maelekezo aliyopewa, akakuta duka la mapazia. Nilipomtumia picha ya dashibodi alijibu neno moja, "pole", kisha akaniblokia. Jina la ukurasa wake silitaji kwa sababu amekwisha kulibadilisha mara mbili tangu hapo, na atakayelisoma hapa ataona amepona kwa kuwa jipya siyo lile. Mtambueni kwa mtindo wake. Dereva mmoja wa watalii hapa Arusha ameshamlipa 900,000 ya kianzio cha loki ya difu na anasubiri mpaka leo.

Nimefungua RB polisi na kuwaachia mawasiliano yote, namba zake za simu nimezituma 15040 (namba ya kuripoti matapeli wa simu), na vile vipande nimeandaa kuvipeleka FCC, Tume ya Ushindani, maana bidhaa bandia ni kazi yao. Kila anayelalamika anaongeza uzito, basi msione aibu kama mlivyo wengi mnaonipigia na kusema "nisitajwe".

Aliyenunua ile pakeji, popote alipo, aitoe shakeli kwenye gari leo. Usimwazime jirani, usimpe fundi aitumie kunyanyulia injini. Kisha nitumie ujumbe faraghani na picha zako nikuunganishe na askari anayeshika jalada.