Kufanya kazi serikalini au kwenye miradi ya ubia wa serikali na kampuni binafsi, wapi pazuri?

Hili swali vijana wa kilimo huku Iringa na Njombe wananiuliza kila mara, nami nimefanya kote kuwili.

Tuanze na hela. Mradi unalipa vizuri zaidi, hilo halina ubishi, lakini mkataba ni wa muda tu na mfadhili akiondoka na gari linaondoka, unabaki na CV yako. Halmashauri mshahara ni mdogo ila unaingia kila mwezi, ukishathibitishwa kazini hata benki inakukopesha bila maswali mengi, na mafao yako yapo PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Kwenye mradi kwa kawaida ni NSSF, mfuko wa sekta binafsi, na michango ifuatilie mwenyewe, mimi kuna mwajiri aliruka miezi kadhaa nikaja kujua nimeshaondoka.

Kujifunza sasa, hapo ubia unashinda mbali. Chukua SAGCOT, ule mpango wa ubia wa kukuza kilimo ukanda wa kusini mwa Tanzania, ilivyoanza 2010, mezani unakaa na kampuni ya mbegu, benki, serikali na mkulima wa viazi, unaona kabisa kwa nini soko linakwama. Ila jamani bila afisa ugani wa kata huo mradi haufiki kijijini, yeye ndiye wanayemwamini, na mradi ukifungwa yeye bado yupo.

Kama una wazazi na wadogo wanaokutegemea, anza serikalini. Huna mzigo na unaweza kukaa miezi bila kazi? Nenda mradi, ila weka akiba toka mshahara wa kwanza.