Congress.gov: pa kuangalia mikataba inavyokwama Seneti

Ukitaka kuona siasa za ndani zinavyoikaba sera ya nje, ingia Congress.gov, tovuti rasmi ya Bunge la Marekani. Ni bure, wala huhitaji kujisajili. Kabla ya kutafuta, chagua sehemu ya nyaraka za mikataba, ndipo uandike namba. Usipofanya hivyo utazama kwenye miswada isiyo na mwisho.

Jaribu 112-7, Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Marekani iliusaini 2009. Shuka hadi hatua ya tarehe 4 Desemba 2012: kura 61 za ndiyo, 38 za hapana. Wengi waliukubali na bado ukaanguka, kwa sababu katiba inadai theluthi mbili ya maseneta waliopo, na siku ile hizo zilikuwa kura 66. Fungua orodha ya kura usome jina kwa jina. Hapana zote ni za Warepublican, na nyuma yao walikuwapo wazazi wanaofundisha watoto nyumbani, walioupinga vikali. Hoja zenyewe zimo katika kumbukumbu za mijadala za tarehe hiyohiyo. Zisome, maana namba peke yake haisemi kila kitu.

Kasoro yake kubwa: makubaliano ambayo rais hayapeleki Seneti hayamo katika sehemu hiyo. Mkataba wa Paris wa tabianchi hutaukuta humo, kwani Obama aliukubali 2016 bila kupitia kwa maseneta, na kuwakwepa kwenyewe ni siasa za ndani.