Malengelenge ya kukimbia: ununue nini kemisti hapa Malindi, na gani uiache hukohuko kwa shelfu

Mwenye haraka nampa jibu kwanza aende zake. Kama una pesa ya kitu kimoja tu nunua plasta ya roli ya zinki, ile nyeupe ya kitambaa, ngumungumu, inayochanika kwa mkono, na zikibaki pesa ongeza gozi ya mafuta, ile ya wavu uliolowa parafini, pakiti mbili tatu. Hivyo viwili vikiwepo nyumbani umeshamaliza karibu kazi yote. Zile plasta za jeli za bei ambazo kila mtu anazisifu mitandaoni mimi naziweka namba mbili, na najua kuna watu watanuna, lakini ngojeni nieleze.

Lengelenge halitoki kwa raba kukwaruza ngozi juujuu kama wengi wanavyodhani. Ngozi ya nje inashikwa na soksi, mfupa ndani unaendelea na safari yake, kila hatua matabaka ya ngozi yanavutana huku na huku mpaka yanaachana ndani kwa ndani, pale palipoachana pakajaa maji. Joto linazidisha, na unyevu ndio mbaya kabisa manake ngozi ikilowa inanata kwa soksi. Sasa fikiria Malindi. Unatoka baada ya swala ya alfajiri, jasho limeanza hata hujafika barabarani, unashuka ufukwe wa Silversands maji yamekupwa mchanga uko mgumu, unakimbia raha mstarehe mpaka wimbi moja linakupitia miguuni, unarudi na njia ya Casuarina soksi zimelowa maji ya chumvi na mchanga umeshaingia kwa vile vitundu vya juu vya raba, unakusaga kisigino kama msasa. Ndio maana ushauri wa watu wanaokimbia kwenye baridi Ulaya huku haukai vile vile. Plasta inayoshika siku nne kule, hapa ukiingia nayo barabarani saa moja asubuhi saa mbili iko ndani ya soksi imejikunja.

Kabla ya kutoa pesa vua soksi uangalie una kitu gani. Kuna pahala panawaka tu, pamekuwa pekundu lakini hapajafura. Kuna lengelenge zima, limejaa maji na ngozi yake iko. Na kuna lililopasuka, nyama nyekundu iko nje. Hivi vitatu dawa yake si moja, na pesa nyingi zinapotea hapo, mtu ana lengelenge limepasuka ananunua kitu cha kuzuia.

Namba moja: roli ya zinki na gozi ya mafuta, pamoja

Kemisti ukisema zinki oksaidi wanakuelewa, kuna duka wataiita tu plasta ya roli. Leukoplast ndio jina wengi wanalolijua lakini zipo nyingine. Upana wa sentimita 2.5 unafaa vidole, kisigino kinataka sentimita 5. Ukipewa roli igeuze uitazame upande: kama gundi imechuruzika pembeni na imeshika vumbi jeusi, hiyo imekaa kwa joto muda mrefu, omba nyingine. Na angalia tarehe, usione haya, ni pesa yako.

Uzuri wake ni kwamba haivutiki. Ikishashika kwa ngozi inakwenda na ngozi, soksi inateleza juu yake. Jasho inavumilia kuliko hizi nyingine zote. Lakini kuna namna ya kuibandika. Mguu uwe mkavu kabisa, futa na spiriti pale ngozi ilipo nzima usubiri ikauke, kata pembe za plasta ziwe mviringo kwa sababu pembe kali ndiyo soksi inayoanza kuing'oa, bandika bila mikunjo halafu uifunike na kiganja dakika moja hivi ipate joto. Kidole usikizungushe ukakibana, mguu unavimba ukikimbia.

Sasa kosa la watu wengi ni kuibandika roli moja kwa moja juu ya lengelenge. Ukija kuitoa jioni unatoka na ngozi yote. Pahala panapowaka tu sawa, bandika hapo hapo, ila lengelenge lenyewe lazima kiweko kitu kati, na hicho kitu ndicho gozi ya mafuta, kile kipande cha wavu kilicholowa parafini, kimefungwa kimoja kimoja kwa pakiti yake safi. Hakigandi kwa kidonda. Kata saizi ya lengelenge, weka juu yake gozi kavu, ndio plasta ipite juu ikishike ngozi nzima pande zote. Badilisha kila siku, au mapema zaidi ikilowa. Zipo gozi za mafuta zenye antibayotiki ndani, lengelenge safi halihitaji hiyo na kuna ngozi zinazoikataa zikawasha, sema unataka ya kawaida.

Kuitoa roli usivute ukauma meno. Paka mafuta ya nazi pembeni, ngoja kidogo, gundi inalegea yenyewe.

Namba mbili: plasta ya jeli

Hizi ndizo haidrokoloidi, jina kubwa ni Compeed. Kwa kuponya peke yake, mguu umetulia, sina ubishi, ndizo bora. Inafyonza maji ya kidonda, inafanya jeli juu yake, kidonda kinabaki na unyevu wake, maumivu yanapungua saa hiyo hiyo kwa sababu ni mto vilevile. Ukiibandika unaiacha siku kadhaa mpaka ianze kuachia yenyewe pembeni.

Hapa kuna jambo nimeona linawachanganya watu. Baada ya muda plasta inafura katikati, inakuwa nyeupe, mtu anaingia wasiwasi anasema usaha huo, anaing'oa, ngozi inakuja nayo. Huo si usaha, ni jeli imekunywa maji. Usaha una harufu, pahala panakuwa pa moto, wekundu unatambaa kuzunguka.

Mbona basi namba mbili? Moja ni bei, kipakiti kina vipande vichache na kikishabandikwa hakirudi. Mbili si kila kemisti wanayo, maduka ya mtaani mara nyingi utaambiwa haipo, jaribu yale makubwa ya mjini au yaliyo karibu na mahoteli. Tatu ndio kubwa, mchanga. Pembe yake ikishashika mchanga inajiviringa, gundi inahamia kwa soksi, ukija kuvua soksi utajua hujui. Kwa hivyo kama unapumzika siku tatu nne, au kazi yako ni ya kukaa ofisini na viatu vya kufunika, inunue na moyo mkunjufu. Kama kesho unarudi ufukweni, rudi namba moja. Na isiwekwe kamwe juu ya lengelenge lililoingia wadudu, inaufungia uchafu ndani.

Namba tatu: tepu ya karatasi

Ile nyembamba ya hospitali wanayofungia sindano ya dripu, Micropore na ndugu zake. Bei rahisi kuliko zote na hii ni ya kuzuia, si ya kuponya. Usiidharau. Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti 2016, wakimbiaji 128 kwenye mbio za kilomita 250, zile za kukimbia kipande kwa kipande kwa siku kadhaa, wakabandika tepu hii sehemu za mguu kabla ya kukimbia, na malengelenge yalipungua kwa asilimia 40. Gundi yake ni dhaifu na huo ndio uzuri wake, lengelenge likitokea chini yake ukiibandua haiondoki na ngozi. Ubaya ni huo huo, ikilowa maji ya bahari imekwenda. Mimi ningeinunua kwa mbio za barabarani, ufukweni hapana.

Namba nne: Vaseline

Iko kila duka, huhitaji hata kemisti. Kwa kuzuia inasaidia mwanzo wa mbio lakini haikai, na katika mchanga inakusanya mchanga, na ukishaipaka hakuna plasta itakayoshika juu yake, kwa hivyo chagua moja. Pahala pake hasa ni nyumbani usiku, lengelenge limepasuka, umeosha na sabuni na maji, umekosa gozi ya mafuta: paka nyingi kwa gozi kavu ufunike. Inafanya kazi ile ile kwa pesa ndogo. Kopo lakini liwe la kidonda peke yake, si lile la nyumba nzima kila mtu anachovya kidole.

Pedi za felti au sponji zinazokatwa tundu katikati lengelenge likae ndani ya tundu, hizo nzuri kwa unyayo, kwa kisigino zinajaza raba mpaka inabana ukapata lengelenge jingine jirani. Na plasta ndogo za kawaida, zile za mtoto akijikata, za mwisho kwenye orodha yangu. Kwa kidole cha mkono sawa. Kukimbia nazo mita mia nne tayari imejikusanya chini ya unyayo, sasa una lengelenge na donge.

Kutoboa, kusafisha, na vya kuacha

Lengelenge dogo lisilouma liache, ngozi yake ndiyo plasta nzuri kuliko zote zinazouzwa. Kubwa linalokuzuia kutembea unaweza kulitoa maji. Nunua sindano ya kemisti ile iliyofungwa kwa karatasi yake, ni bei ndogo sana na ni safi, hiyo sindano ya kushonea ya mama iache kwenye kijaluba chake. Osha mikono, osha mguu na sabuni, paka povidoni ayodini, ile dawa ya kahawia ya kuua wadudu, toboa pembeni chini tundu mbili tatu, kandamiza polepole na gozi safi maji yatoke, ngozi USIIKATE. Halafu unafunika kama nilivyosema. Likijaa tena unalitoa tena.

Spiriti ni ya ngozi nzima na mikono, kwenye nyama iliyo wazi itakutoa machozi bure. Hidrojeni peroksaidi ile inayotoa povu, watu wanapenda lile povu wanaona inafanya kazi, inaunguza na ngozi mpya inayoota, iache. Jivii ya zambarau itakupaka rangi mpaka shuka. Na ile ya kufungua kidonge cha antibayotiki cha rangi mbili ukanyunyiza unga kwa kidonda, jamani, kile ni kidonge cha kumeza, unga unagandana na maji ya kidonda unafanya gamba gumu, chini yake uchafu unaendelea, na unawazoesha wadudu dawa. Dawa ya meno sitaki hata kuizungumza. Na wewe unayesema maji ya bahari yanaponya, maji ya bahari yana wadudu wake, hasa karibu na mji.

Mwenye kisukari, au miguu inayokufa ganzi, hana cha kununua humu, asitoboe wala asibandike jeli, aende aangaliwe. Vilevile yeyote akiona usaha, mstari mwekundu unapanda mguu, au homa. Hiyo si ya kumuuliza muuzaji wa kemisti kwa dirisha, hiyo ni hospitali.

Soksi na raba, pesa inayobaki

Soksi za pamba tupu ndizo zinauzwa kila kona na ndizo zinaleta shida, zinanyonya jasho na kulishikilia. Soma lebo, tafuta poliesta au nailoni iliyochanganywa, isiwe na mshono mnene pale vidoleni. Ukiwa unapata malengelenge katikati ya vidole zipo soksi zenye vidole, kila kidole na nyumba yake, Injinji ndio maarufu, ni ghali na kuzivaa ni kazi asubuhi lakini zinasaidia. Mwingine ataipendelea njia ya soksi mbili, nyembamba ndani nyingine juu, zisuguane zenyewe, sawa bora raba iwe na nafasi.

Kuna wanaopaka dawa ya makwapa miguuni wasitoke jasho. Si uzushi kabisa, 1998 wanafunzi wa jeshi Marekani walipewa yenye aluminiamu kloraidi asilimia 20 kabla ya kutembea kilomita 21, waliopata malengelenge wakawa asilimia 21, na wenzao waliopewa dawa ya bandia asilimia 48. Ila asilimia 57 ya walioipaka walipata muwasho, wale wengine asilimia 6 tu. Kwa joto letu hili mimi siinunui.

Raba za mtumba sina neno nazo, nusu ya Malindi tunakimbia nazo, lakini nenda sokoni jioni miguu ikiwa imeshavimba, vaa na soksi zile zile utakazokimbia nazo, hakikisha mbele ya kidole kirefu panabaki upana wa dole gumba. Kisha ingiza mkono ndani upapase kisigino. Kama kitambaa kimechanika ukagusa plastiki, mrudishie mwenyewe hata akikupa bei ya kutupa.