Dakika 15 kwa Mtakatifu Hripsime

Nawapa hawa watu wa ziara nyota moja, nayo ni ya gari, maana lilikuwa safi.

Ilikuwa miezi kadhaa iliyopita. Nililipia ziara ya siku moja kutoka Yerevan, mji mkuu wa Armenia, kwenda mji wa Vagharshapat kwa hamu ya kitu kimoja tu: kanisa la Mtakatifu Hripsime, alilolijenga Katolikosi (mkuu wa Kanisa la Armenia) Komitas mwaka 618 juu ya kaburi la huyo bikira shahidi. Mwaka 618, jamani! Mtume Muhammad alikuwa bado hajahamia Madina.

Tukashuka. Mwongozaji akatazama saa yake: "Dakika 15." Nikadhani anatania.

Kwa nje ni kama sanduku la mawe ya kahawia, kuta zimechanjwa mifuo mirefu ya pembetatu. Ukiingia, kona huzioni. Pande zote nne ukuta unajikunja, na kati ya kila mkunjo na mwenzake kuna kishimo cha mviringo, mithili ya tumbo la mtungi. Hapo ndipo mraba unapogeuka kuwa pembe nane, ukapata pa kulilaza kuba. Nguzo ya katikati hakuna hata moja. Shingo iliniuma kwa kutazama juu.

Basi nimeinama niteremke kaburini, kamlango kenyewe kafupi, mara pa! pa! pa! Mwongozaji anapiga makofi. Kanisani! Kama anafukuza kuku kwenye mtama. Palikuwa na mama mmoja akitoka kinyumenyume, maana wenyeji hawaipi madhabahu mgongo. Akamtazama yule kijana kwa jicho ambalo mimi lingenimaliza.

Halafu tukapelekwa wapi? Duka la konyaki. Saa nzima! Mimi hata sinywi.

Lakini nisimdhulumu. Ni yeye aliyenionyesha kwamba ile mifuo ya nje imechimbwa palepale ambapo ukuta ungekuwa mnene bure. Peke yangu nisingeng'amua. Haya, nyota mbili. Tatu, kama angekuwa na adabu.

Kesho yake nilirudi mwenyewe kwa basi dogo, nikawasha mshumaa, nikashuka kaburini, nikakaa mpaka nikatosheka. Natoka nje, namkuta yuleyule na kundi jipya, anatazama saa. Akanipungia mkono kama ndugu yake.

Nyota moja.