Adapta ya LAN ya shilingi 25,000: imekuja na CD, pa kuiingiza hakuna

Nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma. Msimu wa maombi ya mkopo wa chuo vijana hujaa hadi kibarazani, na waifai ya laptopu yangu hukatika fomu ikiwa katikati ya kupanda. Tundu la waya wa mtandao (LAN) lilishakufa. Basi nikanunua adapta ya kuchomeka kwenye USB, shilingi 25,000, duka silitaji.

Ndani ya boksi mna kijisahani cha CD chenye draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuitumia adapta. Laptopu yangu haina pa kuingiza CD! Nikampigia muuzaji. "Dada, ipakue tu mtandaoni." Mtandao upi, wakati ndio huo ninaoutafuta? Nikaipakua kwa simu, nikaihamisha kwa waya.

Hapo nikakumbuka somo la mitandao chuoni. ARPANET, mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti, ilipoanza Marekani mwaka 1969, adapta ya dukani haikuwepo. Kompyuta iliunganishwa kwanza na mashine yenye ukubwa wa friji, IMP, ambayo kampuni ya BBN iliitengeneza kutokana na kompyuta ya Honeywell DDP-516. BBN waliandika ripoti namba 1822 kueleza kiunganishi kiweje, kisha kila kituo kikajiundia saketi za upande wake. Chuo kikuu cha UCLA waliunda za kompyuta yao, Sigma 7. Biti, yaani vipande vidogo kabisa vya data, zilipita moja moja, kila moja ikingoja upande wa pili useme uko tayari. Na kebo ya kawaida ilikomea futi 30, mita 9 hivi. Kwangu, toka rauta hadi mezani ni mita 14, kwa hiyo ningehitaji aina yao nyingine ya kiunganishi, ya kebo ya hadi futi 2,000.

Kasi sasa. Boksi limeandikwa megabiti 1000 kwa sekunde, kompyuta inasoma 100. Huo ni uongo mtupu, ila sina haja ya kugombana: laini za ARPANET zilikuwa za kilobiti 50 kwa sekunde, na intaneti ninayolipia mimi haifiki hata megabiti 20.

Inapata moto, lakini wiki ya tatu hii haijakata. Tatizo ni tundu lake, limelegea; mteja akigusa waya unachomoka. Nimeubana kwa selotepu.

Adapta naipa nyota tatu, duka moja. Nahitaji ya pili kwa kompyuta ya printa, na safari hii naenda na laptopu kwapani, boksi tulifungulie kaunta.